Nimechimba Vyoo Pande Zote Mbili za Mpaka

Haya, leo nawajibu. Ninyi mnaokaa na pikipiki zenu pale njia panda ya Nyarero, mkiniona napita na mkongojo wangu mnaniamkia vizuri, shikamoo mzee, halafu kabla sijamaliza marahaba mnaanza: "Mzee Nyamhanga, wewe umekaa Kenya, umekaa na huku. Wapi kuna maisha?" Mnauliza na jibu mnalo tayari. Naona macho yenu yanavyotazama upande wa Sirari, mpakani. Mmoja wenu aliniambia juzi kwamba ng'ambo hata mbwa wanakula mkate. Nikamwuliza amevuka lini. Akasema hajavuka, ameona kwenye simu.

Mimi sikuona kwenye simu. Nilikuwa fundi wa vyoo tangu nikiwa kijana sijaoa mpaka magoti yaliponikatalia. Nimechimba Tarime yote, nimefika Mbalibali na Nyansurura kule Serengeti, na ng'ambo nimefanya kazi Isebania, Kehancha mpaka Migori. Chekeni tu. Watu wamenicheka maisha yangu yote, na wote walikuja kunitafuta.

Na mwaka jana mwanangu wa kumzaa, Mwita, alitaka nifunge mji wangu huu, boma alilozaliwa yeye na nilipomzika mama yake, nihamie kwake Migori. Sababu yake ilikuwa hiyo hiyo yenu, kwamba huko ndiko kuna maisha. Tuligombana, nusura tusizikane. Nitawaeleza ilivyokuwa, lakini nitaanza na kazi, kwa sababu bila kazi hamtanielewa.

Mtu akitaka kukuonyesha anaishi vizuri anakuingiza sebuleni. Sebule inadanganya. Kochi limefunikwa vitambaa, picha ya harusi ukutani, redio kubwa isiyo na betri. Fundi wa choo hakaribishwi sebuleni. Anapelekwa nyuma ya nyumba, na kule hakuna aliyetandika kitambaa. Nikikaa siku mbili nyuma ya nyumba ya mtu najua wanakula nini, maji wanatoa wapi, mgonjwa wao analala kwa nani, na kama mama wa nyumba anapumzika au hapumziki. Kwa hiyo mkiniambia nchi fulani wanaishi vizuri, mimi nauliza umeziona nyuma za nyumba zao?

Aliyenifundisha alikuwa Mkenya, Mjaluo, fundi Odera. Alivuka kuja Tarime kutafuta kazi, enzi ambazo wao ndio walikuwa wanakuja huku, mjue na hilo. Mtu mrefu, mkimya, akiona kazi mbaya anatema mate tu na kuondoka. Alinifundisha kuonja udongo kwa vidole kabla ya kupiga jembe. Udongo mwekundu unasimama wenyewe. Ule mweusi wa mbuga, kama wa Mbalibali pale nilipochimba, kiangazi unapasuka na masika unavimba, na usipojengea shimo kwa mawe toka chini litakumeza wewe na choo chako. Alinifundisha zege la slabu, ule mfuniko wa shimo, halikaushwi kwa jua, jua linaliua. Unalifunika magunia, unalimwagilia asubuhi na jioni mpaka mwenye nyumba akasirike kwa kuchota maji. Bomba la hewa lazima lipite juu ya paa, na wavu uwe juu kabisa. Ndani kuwe na giza. Nzi akishatoka shimoni anafuata mwanga wa kule juu ya bomba, anagonga wavu, anafia pale. Odera akimaliza kufunga wavu alikuwa anafuta mikono na kusema, "Sasa hawa watafute kazi nyingine."

Kukabidhi kazi alikuwa na namna yake. Hakubali kuondoka mpaka mtu mzito kuliko wote katika ule mji asimame juu ya slabu na kuruka. Kehancha tulijenga kwa mchungaji, na mtu mzito wa pale alikuwa mama mchungaji mwenyewe. Mama akakataa, akasema yeye si wa kupimia choo. Odera akakaa chini, akavua viatu, akasema basi tunalala hapa. Mwisho mama akapanda, akaruka mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili akacheka, ya tatu akaanza kuimba wimbo wa kwaya na kucheza, majirani wakaja wakapiga makofi mpaka mchungaji akatoka na miwani yake kuuliza kuna nini. Slabu haikutingishika. Choo kile bado kipo, mama alishatangulia mbele ya haki, na watoto wake hadi leo wanakiita choo cha mama.

Sasa swali lenu. Nilijenga Mbalibali kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi. Nyumba ya udongo, taa moja ya sola inayowaka ikipenda, na vijana wa mji wanapokezana zamu shambani kwa sababu ya tembo. Nilikunywa maziwa mpaka nikaomba chai ya rangi nipumzike. Ghala limejaa mtama, mgeni haulizwi anaondoka lini. Lakini maji yao yalikuwa ya lambo, wao na ng'ombe wanakunywa mahali pamoja. Nikiwa pale mjukuu wa yule mzee alishikwa na tumbo, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Walimpakia kwenye pikipiki, safari ndefu ya vumbi, kufika zahanati wakaambiwa dawa hakuna, waende mbele zaidi. Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Lakini asije mtu kuniambia niisifu nchi yangu kwa kufumbia macho jambo lile. Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Kutoka pale nikaenda Kehancha, kwa mwalimu. Huko umeme wanauita stima, na stima yao ilikuwa inawaka hadi kwenye banda la kuku. Mtoto akikohoa, muda mfupi tu yuko kwa daktari na dawa anazo. Nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Lakini maziwa wananunua ya kupimiwa kwenye kikombe, na niliona mama wa nyumba akificha sukari aliposikia hodi. Shamba lao wamegawana ndugu mpaka limebaki kama mkeka. Choo changu kilikosa pa kukaa. Nilichimba pembeni kabisa, na jirani, ambaye ni mtoto wa baba yake mkubwa, akatoka na panga akidai hewa ya choo itaingia upande wake. Tulisimamisha kazi mpaka wazee wakaja kukaa kikao.

Na hawa wa Kehancha na sisi wa hapa ni watu wamoja. Kikurya kile kile, majina yale yale, tunaoana na kuzikana. Tofauti ni kwamba mtu alichora mstari kati ya zizi na shamba, na kila upande ukapata serikali yake. Kwa hiyo mkisema kule ni kwa watu wenye akili na huku ni kwa washamba, mnawatukana mama zenu wadogo. Mkisema huku ni peponi na kule ni roho mbaya tupu, hapo pia nitawakatalia. Mimi nimechimba pande zote, na kila upande nilikuta kitu cha kunifanya nicheke na kitu cha kunifanya nitupe mwiko chini.

Kazi yenyewe ilibadilika mikononi mwangu. Siku hizi slabu ya plastiki inakuja imefungwa nyuma ya pikipiki, mnaiweka juu ya shimo na kwenda zenu kunywa soda. Sina ugomvi nayo, ni nyepesi na inasafishika. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna anayeruka juu yake. Halafu kikaja choo cha ndani, cha kuvuta maji, vigae ukutani, kioo. Nimejenga vile pia, Migori mimi ni fundi anayejulikana. Na hapo ndipo naingia kwa Mwita.

Mwita anaendesha lori la vifaa vya ujenzi Migori. Mkewe ni Robi, binti wa Kehancha, mtoto wa watu wenye heshima zao. Mwaka jana magoti yangu yalipovimba, Mwita alikuja na gari la kuazima, akanikuta nimekaa kwenye kigoda na dada yangu Nyangi, mjane, ambaye tunaishi naye hapa. Hakukaa hata chini.

"Baba, hii maneno ya kukaa hapa iishe," alisema. Ameshaanza kuongea kama wao. "Kule hospitali iko karibu, stima iko, maji iko kwa nyumba. Huu mji tuufunge. Shangazi aende kwa vijana wake. Nimepata mtu wa kulima hapa."

"Umepata mtu kabla ya kuniuliza?"

"Nakuuliza sasa."

Nilikwenda, lakini nilimwambia naenda kutibiwa, sijafunga kitu. Nyangi akabaki na funguo na ng'ombe.

Na mimi si mtu wa kunyima haki. Daktari wa magoti alikuwa karibu, akanitazama vizuri, nikapata dawa na nafuu nikaiona. Maji yalitoka ukutani. Mwita hakuwa amesahau malezi yote, maana anajua baba halali ndani ya nyumba ya mwanawe. Alinitafutia chumba cha nje, mlango wake mwenyewe, kitanda kizuri, hata feni. Aliwaza yote hayo. Choo alikisahau.

Nieleze, kwa wale mliokulia Sirari mkasahau. Kwetu mimi na mke wa mwanangu tunaheshimiana kwa umbali. Simshiki mkono, sikai alipokaa, tukiwa na neno tunalipitisha kwa mtu wa katikati, na hatuchangii choo. Ndiyo maana katika kila mji wa Mkurya mwenye mkwe nilichimba mashimo mawili. Hilo halikuwa jambo la kujadili, lilikuwa sehemu ya kazi kama mchanga na kokoto. Na ile nyumba ya Migori ilikuwa na choo kimoja, katikati, kati ya jiko na chumba chao cha kulala.

Siku ya kwanza nilimwita Mwita pembeni nikamwuliza nijisaidie wapi. Akanitazama kama nimemwuliza mwezi uko wapi. "Baba, hapa ni town. Watu wote hutumia hiyo moja. Hayo ya zamani uyaache Nyarero. Wewe tumia tu."

Nikakataa. Nikawa naenda choo cha stendi na mkongojo wangu, napanga foleni na makondakta. Fikirieni, mtu aliyechimbia vyoo nusu ya wilaya anasimama kwenye foleni ameshika tumbo, na kijana wa mlangoni anamwambia, "Mzee, uko poa?" Siko poa! Na hata kuamkia hujui! Siku moja mvua ilinyesha, magoti yakagoma, na Mwita akanishika mkono akanisukuma kabisa mpaka kwenye kile choo chake cha vigae. Nikaingia. Nilikuwa sina namna.

Basi nikafikiri yamekwisha, labda ni kweli mimi ni mtu wa zamani. Nikawa naingia mle asubuhi wakishatoka. Robi alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Siku zikapita. Asubuhi moja nimekaa mlangoni pa chumba changu, mvua inanyesha ile ya kulowanisha mifupa, nikamwona anatoka mlango wa jikoni. Amejifunika kanga kichwani, mkono mmoja ameshika ukuta, mwingine ameshika mgongo. Akavuka matope ya uani, akafungua geti, akaenda nyumba ya tatu kwa jirani. Baadaye akarudi polepole, kanga imelowa, akapita akiwa ameinamisha uso asinione.

Tangu siku niliyoingia kile choo, yeye hakuingia tena.

Niliumia, sitawaficha. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanamke mzito anatembea kwenye mvua kwa ajili ya heshima yangu, na choo cha vigae kipo ndani hatua chache kutoka kitandani kwake. Mwita hakujua. Analala naye chumba kimoja na hakujua, kwa sababu anatoka alfajiri na lori, na kwa sababu hakuwahi kuuliza.

Jioni alipoketi kula nikamwita nje.

"Mkeo anajisaidia wapi?"

"Baba, maswali gani hayo?"

"Nimekuuliza wewe, sijamwuliza yeye. Anajisaidia wapi?"

"Si ndani? Hajasema chochote."

"Hajasema! Mimi baba mkwe wake ndiye angeniambia? Nenda kamwulize. Na ukishamwuliza uje."

Alikaa ndani muda mrefu. Aliporudi hakuwa na yale maneno ya town. Alisimama mbele yangu kama siku ile alipopoteza ndama akiwa mdogo.

"Sikujua, baba. Nitatafuta nyumba ingine."

"Tafuta. Lakini sikiliza, mura, mwanangu. Uliniambia hapa kuna maisha. Stima nimeiona, daktari nimemwona, nimeshukuru. Ila umepanga nyumba ya mtu asiye na baba, halafu ukamleta baba. Mimi kesho narudi kwangu."

"Na ile mji?"

"Mji una mwenyewe. Yule mtu wako wa kulima mwambie akalime kwao."

Alikasirika. Alisema nakwenda kufia porini kwa ukaidi. Nikamwambia bora porini kuliko kumwua mkwe wangu kwa adabu. Tuliachana hivyo, bila kuagana vizuri, na Robi akabaki dirishani.

Nilipofika hapa Nyangi alinitazama ninavyoshuka kwenye gari, akasema, "Wamekuchoka mapema." Nikamwambia alete jembe. Akacheka mpaka akashika ukuta, maana hata kuinama nilikuwa siwezi. Wawili wenu mlikuja kuchimba, na mnakumbuka nilivyowafokea. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu naonyesha kwa fimbo, kuta ziende wima, mawe yaanzie chini. Slabu niliimwaga mwenyewe nikiwa nimepiga magoti juu ya gunia, na nililia kwa maumivu, na sikuacha. Mlisema mzee, mbona una choo kizuri tayari, hiki ni cha nini? Nikawaambia chimbeni.

Nilikiweka upande wa pili kabisa wa mji, kwenye miti ya mchongoma, mlango unatazama shambani. Njia yake inatoka moja kwa moja kwenye nyumba ya Mwita iliyo hapa bomani, haikutani na yangu popote. Nikawekea bafu pembeni, na ndoano ya kutundika kanga, na dirisha dogo la juu. Nyangi aliruka juu ya slabu, kwa kuwa hapa mzito ni yeye, na alinitukana muda wote akiruka.

Mwita alikuja mwezi wa kumi na mbili, na Robi, na mtoto wa kiume mgongoni. Mwita aliniamkia kwa kifupi. Bado alikuwa na lile neno la ukaidi moyoni. Robi aliniamkia kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa, na Nyangi akamchukua kumwonyesha ile njia. Nilimwona amesimama mbele ya ule mlango mpya. Akaugusa kwa kiganja, akaingia, akafunga komeo. Alikaa kule muda mrefu kuliko haja yenyewe inavyotaka, na hakuna aliyemwita.

Walikuwa wamepanga kulala siku moja. Asubuhi yake Mwita akaanza kufunga mizigo. Mimi nilikuwa kando ya zizi natengeneza mpini, nawasikia vizuri.

"Robi, jiandae. Gari ya Sirari haitungoji."

Robi hakuinuka. Alikuwa anamnyonyesha mtoto mlangoni pa nyumba yao. Akajibu kwa sauti kubwa kuliko mke anavyohitaji kwa mume aliye karibu hivyo, nikajua maneno yanasafiri mbali zaidi ya Mwita.

"Wewe tangulia kazini. Mimi na mtoto tunabaki mpaka mwaka mpya. Na umwambie baba asije akafunga huu mji. Akiufunga, siku nikichoka na hiyo Migori yenu, mimi nitaenda wapi?"

Mwita akasimama na begi mkononi. Kisha akaliweka chini, akavuka uwanja kuja kwangu, afikishe ujumbe kama desturi inavyotaka, kana kwamba sikuwa nimesikia.

"Baba, mkwe wako anasema..."

"Mwambie haufungwi," nikamjibu.